Kitanda Kisicholaliwa

Ufunguo wa basi ulipotea asubuhi ya kurudi nyumbani kutoka kambini. Saa tatu kasorobo, dereva Clegg alitia mkono mfukoni mwa koti lake, lililotundikwa usiku kucha katika chumba cha kukaushia nguo, akakuta mfuko mtupu. Nje mvua ya milima ya Wales ilikuwa ikinyesha, na watoto wa darasa la sita walikuwa wamekwisha kupanga mabegi yao barazani.

"Tunajuana hapa," Clegg akafoka. "Mwiteni Brannigan!"

Mwalimu Hester Ogden aliumia, ila hakushangaa. Declan Brannigan, mwenye miaka kumi, alikuwa na sifa ya udokozi, na mwalimu mkuu alikwisha kusema: kosa moja zaidi, atafute shule nyingine.

Shahidi alijitokeza mwenyewe. Alikuwa Rufus Hartley, kiranja, mtoto wa kuaminika kuliko wote. Wenzake walikwisha kurudisha mabuti ya mpira ya kambi, yeye bado alikuwa ameyavaa.

"Mimi nalala kitanda cha chini, Mwalimu, Declan cha juu. Alfajiri nikasikia ngazi inalia. Akashuka, akatoka."

"Ulimwona?"

"Niliona miguu tu."

"Muongo mkubwa! Kibaraka wa walimu we!" Declan alimrukia, Clegg akamdaka. Nywele za mtoto zilikuwa zimejaa nyuzinyuzi za bluu.

"Basi alfajiri ulikuwa wapi?" Mwalimu akamuuliza.

Declan akageuzia uso ukutani.

Wote wanne wakaenda chumbani kupekua. Kitanda cha juu kilikuwa kimetandikwa kikanyooka, pembe za shuka zimekunjwa vizuri. Katikati ya mto ilikaa nyota ya karatasi, ile ambayo Gethin, mkufunzi wao wa kupanda miamba, aliiweka jana mchana kwenye kitanda kilichoshinda ukaguzi.

"Unaona?" Clegg akasema. "Hata hakulala! Kazurura usiku kucha."

Mwalimu Ogden akatazama chini asimtazame mtoto, na macho yake yakatua kwenye zulia. Lilikuwa la bluu.

"Declan, njoo." Akamtoa uzi mmoja wa bluu nywelani. "Ulilala sakafuni."

Declan akatazama dirishani.

"Sema, mwanangu. Hapa hutaadhibiwa."

"Pale dirishani. Niliteremka taratibu taa zilipozimwa tu, hata kulala sikulala pale juu. Ningelala ningekivuruga, na ukaguzi wa mwisho ni leo." Akaielekezea nyota kidole. "Kulala chini marufuku. Ningesema mngenipokonya nyota. Mimi sijawahi kupewa nyota, Mwalimu."

Mwalimu Ogden aliona haya, haya ya kweli. Kisha akageuka.

"Rufus. Alfajiri Declan yuko sakafuni. Nani alishuka ngazi?"

"Labda nilisikia vibaya."

"Na ile miguu?"

Rufus akaficha buti moja nyuma ya jingine.

"Vua mabuti."

"Soksi zangu zimelowa, Mwalimu."

"Vua."

Ufunguo ulianguka kutoka buti la kushoto. Clegg akafungua kinywa, Mwalimu akamzuia kwa mkono.

"Kwa nini umsingizie mwenzako?"

"Kwa sababu mngeamini."

Mwalimu akamtazama Clegg, kisha Declan.

"Na ufunguo ulikuwa wa nini?"

Rufus alikuwa akitazama soksi zake. "Baba anahama leo. Anatuacha mimi na mama. Aliniahidi atasubiri nifike, aniage kwanza, ndipo aondoke." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nisipofika, hawezi kuondoka."

Declan, ambaye ngumi zake zilikuwa tayari tangu barazani, akazikunjua.

Mwalimu Ogden alimwomba radhi Declan mbele ya wote, akamkabidhi nyota yake. Kisha akainama kuokota ufunguo. Ulikuwa bado una joto la mguu wa mtoto. Alikaa nao mkononi kitambo, halafu akampa dereva.

"Twende," akasema. "Ila usikimbize, Clegg."