Kimya cha Chumba cha Mama

Kelele yenyewe ilikuwa ndogo: tk, halafu pumzi moja fupi. Ilisikika kwenye sekunde ya tisa ya video, mahali ambapo hapakutakiwa kusikika kitu.

Fundi Mkasi, kama watu walivyomwita kwa kuwa alikata video za harusi usione hata mshono, alidhani ni hedifoni. Akabadilisha. Akazima programu, akaiwasha upya, akafuta mafaili ya muda, akalinganisha sauti na picha, akafanya yote anayowaelekeza wenzake kwenye simu kwa majigambo. Tk, na pumzi.

Laiti ingekuwa harusi. Hizi zilikuwa dakika kumi na moja za marehemu mkewe, alizojirekodi akiwa amekaa kitandani wiki mbili kabla hajafariki, ili binti yao akue na maneno ya mama. Kesho binti anatimiza miaka saba na baba ameshamwahidi kumwonyesha. Rekodi nyingine ya sauti ile haikuwepo.

Mama alikuwa akikohoa kila baada ya sentensi mbili. Fundi Mkasi hakutaka mtoto amkumbuke hivyo, akavikata vikohozi vyote. Sasa ukikata sauti linabaki shimo, na watu wa kazi hiyo huliziba kwa kimya cha chumba kilekile. Kwa hiyo siku ya pili baada ya maziko aliingia chumbani kwa marehemu, akafunga mlango, akarekodi nusu dakika ya chumba kitupu. Kimya hicho akakibandika palipokuwa na kila kikohozi. Kisha, kwa kiburi cha fundi, akaifuta rekodi ya awali.

Pumzi ilikuwa ndani ya kimya.

Saa saba mchana, jua likiwaka dirishani, aliongeza sauti mpaka mwisho, na harufu ya udongo mbichi ikapanda kutoka chini ya meza, ikamjaa puani, huku pumzi ikiruka kutoka shimo hadi shimo, kila mara ikiwa nzito zaidi, kila mara ikikaribia zaidi kuwa sauti anayoijua, mpaka penye shimo la mwisho mkewe akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema: "Nifungulie, mwanangu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Dada yake Fundi Mkasi aliposimuliwa hayo, alikwenda kumleta mganga. Mzee aliomba kwanza kuchajiwa simu, kisha akavaa hedifoni, akazivua upesi.

"Chumba hakikuwa kitupu," alinong'ona. "Jini alikuwa amekaa humo. Umemkata vipande vipande ukamshonea kwenye maneno ya marehemu. Sasa anajifunza sauti yake."

"Nimtoe vipi, mzee?"

"Futa yote."

"Hiyo ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo."

"Ungeviacha vikohozi, mwanangu. Vile vilikuwa vyake."

Fundi Mkasi aliomba sentensi moja tu. "Ukikosa soksi," mkewe alisema akitabasamu, "angalia chini ya mto. Wewe na baba yako tabia moja." Akaisikiliza mara tatu, mganga akigeukia ukutani kumstahi. Halafu akafuta, akalala kifudifudi juu ya meza akalia bila kujificha. Harufu ikaondoka. Mganga akachukua simu yake, akamshika bega, akaenda.

Asubuhi alikaa na binti ukingoni mwa kitanda, akaanza kumsimulia kwa mdomo wake yote aliyoyakumbuka: asome, asiogope giza, ampende shangazi yake. Alipofika kwenye soksi, machozi yalimtoka.

Binti akamfuta machozi kwa kiganja.

"Usilie, Baba. Hayo ya soksi ameshaniambia."

"Nani amekuambia?"

"Mama. Yuko chumbani kwake." Akasogea karibu, akashusha sauti kama anayetoa habari njema. "Na amepona, Baba. Siku hizi hakohoi tena."