Umri wa Kweli wa Kauthar

Zulfa alikuwa uani akichambua vitunguu. Mumewe, Ally, alikuwa amevileta kutoka Mang'ola. Binti yao Kauthar alipanda juu ya magunia ya vitunguu, akaanza kucheza.

"Shuka, we mtoto! Utavunjika."

"Mama, tazama, nakushinda urefu!"

Hakumaliza kucheka. Puu! Kichwa kilitangulia kwenye sakafu ya saruji. Alilia kidogo, akatapika. Akatapika tena. Macho yakawa mazito kama ya mtu mwenye usingizi.

Hospitalini, daktari alimkagua, akasema, "Tumpige CT-skani, picha ya mionzi ya kichwa, tuone kama damu inavuja ndani. Tusikawie."

Jirani wa Zulfa, Mama Inosenti, aliyewasindikiza, akamnong'oneza: "Shoga, mionzi inakausha uboho ndani ya mifupa! Mtoto mdogo hawezi. Angekuwa mkubwa, angehimili."

Maneno yale yalimchoma Zulfa kama mwiba. Kauthar alikuwa na miaka minne tu, ila alikuwa mrefu. Basi mtaalamu wa picha, dada aitwaye Qamara, alipouliza umri, Zulfa akajibu upesi:

"Saba."

Qamara akabonyeza kompyuta. Kwenye kioo likatokea umbo la mtoto. Mifupa na mapafu yake vilionekana wazi.

"Huyu ni nani?" Zulfa akauliza.

"Mtoto wa kompyuta. Nampitishia yeye mionzi kwanza, nijue kiasi gani kitafika kwenye uboho."

"Maskini! Mama yake anajua?"

Qamara akacheka. "Hana mama wala damu, Mama Kauthar. Ni mchoro na hesabu. Hatuwezi kupasua mfupa wa mtu hai tuweke kipimo ndani. Kwa hiyo zimetengenezwa picha za miili: ya mtoto mchanga, ya watoto wa umri mbalimbali, ya watu wazima. Nachagua mwili unaofanana na wa mgonjwa, kompyuta inakadiria."

"Na uboho una kazi gani?"

"Ni kiwanda cha damu. Kwa mtu mzima, kiwanda kiko zaidi kiunoni na kwenye uti wa mgongo. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa kuliko ya mtu mzima iko hapa." Akagusa fuvu la kichwa chake. "Ndiyo maana nauliza umri. Nikikosea, naweza kumpa mionzi mingi kuliko anayohitaji, na makadirio yangu yanakuwa ya mtoto mwingine."

Zulfa akamtazama mwanawe. Kope zilikuwa zinajifumba.

"Dada, nikisema ni mdogo, hamtamkataa?"

"Tumkatae kwa nini?"

"Ana minne! Nimekudanganya. Nilidhani mkubwa ndiye anayehimili."

Qamara hakufoka. "Afadhali umesema. Mficha uchi hazai." Akachagua mwili mdogo zaidi, akapunguza mionzi.

"Uboho hautakauka?"

"Kwa picha moja, hapana. Hatari ipo, sikufichi, lakini ni ndogo sana. Damu ikivuja ubongoni tusijue, hapo ndipo penye hatari kubwa. Ameshawahi kupigwa picha nyingine?"

"Hapana."

"Wewe una mimba?"

"Sina."

"Basi vaa hii aproni nzito ya kukinga mionzi, simama karibu naye. Asitikisike, tusije tukarudia."

Zulfa akashika mguu wa Kauthar. Akamwimbia polepole. Mashine ikavuma, ikanyamaza.

Walisubiri. Zulfa aliomba dua kimoyomoyo, akaianza upya kila alipoikosea. Hatimaye daktari akatoka.

"Hakuna damu ndani. Ubongo umetikisika kidogo tu. Atalala hapa tumwangalie, kesho aende nyumbani."

Zulfa alikaa chini palepale, akalia kwa furaha. Mama Inosenti akamsogelea.

"Enhe, shoga! Uboho je?"

Zulfa akafuta machozi kwa mtandio. "Upo. Hebu niambie, Inosenti wako ana miaka mingapi?"

"Sita... aa, mitano na nusu."

"Basi siku akiletwa hapa, sema mitano na nusu."