Mlango wa Mikokoteni

Asubuhi ya mtihani wa Jimena, miguu ya askofu ilikutwa imeloa. Askofu mwenyewe alikuwa wa jiwe, kalala chali juu ya kaburi lake katika kanisa dogo la chuo kikuu cha Villafuente, na paa halikuwa linavuja.

"Unyevu tu huo," alisema Profesa Eulogio Pedraza, akaifuta kwa leso. Leso ikanuka tope la mto.

Zamani kila aliyetaka shahada ya udaktari aliketi hapo, nyayo zake zikigusana na za askofu, akajibu maswali. Aliyefaulu alitoka kwa lango kuu, jina lake likaandikwa ukutani kwa damu ya fahali. Aliyefeli alitolewa kwa mlango wa mikokoteni, unaotazama mto, akazomewa na kutupiwa maganda. Mila hiyo iliachwa tangu kijana mmoja, Ursicino, alipotolewa huko akaenda moja kwa moja kujitosa mtoni. Lakini Eulogio alikuwa mtu wa kujisikia, na alitaka Jimena, binti yake wa pekee, atahiniwe kama wahenga.

"Mwondoe mtoto hapo," alinong'ona Profesa Hilario, mmoja wa watahini wenzake. "Aliyekaa hapo mwisho ulimfelisha wewe."

"Wafu hawana kazi na sisi, Hilario."

Jimena alinyoosha miguu, akacheka. "Baba, huyu askofu wako katoka kuoga?"

"Acha utani, mwanangu. Mama yako yuko langoni na maua."

Hilario akauliza swali la kwanza. Jimena akajibu vizuri. La pili akalijibu polepole, na chini ya kiti maji yakaanza kudondoka, to, to, to, ingawa sakafu ilikuwa kavu alipoingia. La tatu hakulijibu kabisa: alifumba macho, akaanza kusema kwa sauti nzito ya kiume, ukurasa baada ya ukurasa bila kupumua, huku maji ya kijani yakimtoka pembeni mwa mdomo na harufu ya tope ikijaa kanisani hadi mishumaa ikafifia, na kila sentensi Eulogio aliijua.

"Hiki si kile kitabu chako?" Hilario aliuliza.

Kilikuwa tasnifu ya Ursicino. Eulogio alimfelisha ili aichukue, na ndiyo iliyompa cheo, nyumba na sifa.

"Profesa," sauti ikasema, kwa adabu zote za mwanafunzi. "Kazi hii ni ya nani? Sema kweli, nimwache."

Eulogio alimtazama binti yake. Kisha, Mungu amlaani, akawatazama wenzake.

"Yangu," alisema.

Jimena akatabasamu, na tabasamu halikuwa lake. "Basi nimefeli tena."

Akainuka. Komeo la mlango wa mikokoteni, lililokuwa limeshikwa na kutu miaka yote, likaanguka lenyewe, akatoka, mlango ukajifunga, na Eulogio akaurukia akiupiga kwa ngumi na kichwa na mabega hadi damu ikamtoka, akipiga kelele mbele ya watahini wote, "Ni yako, Ursicino! Nilikuibia! Ni yako, nirudishie mwanangu!"

Nje maji yalipiga kishindo kimoja. Ndani, matone yakakoma.

Mlango haukufunguka. Ilibidi azunguke kwa lango kuu, akikimbia, joho likimnasa miguuni, na akiwa anakimbia akakumbuka mwanamke mmoja aliyesimama langoni hapo siku ile ya mtihani wa Ursicino na maua, akimngoja mwanawe hadi jua likazama. Eulogio alimpita siku hiyo bila hata kumwamkia.

Remedios, mkewe, alikuwa amesimama pale pale.

"Kafaulu?" aliuliza kwa furaha, akichungulia nyuma ya mumewe. "Mbona hatoki?"