Kikao Bila Risala

Asubuhi za Mgwashi zina ukungu mzito. Secilia huchuma mapeasi huku kanga yake imelowa hadi magotini. Mumewe, Aron, hukamua ng'ombe. Kisha wote wawili hunywa chai na kwenda shambani. Mimi ninayeandika haya ni jirani yao, na tuko kikundi kimoja cha wakulima.

Kikundi chetu kina watu kumi na wanane. Sote tuna mipeasi. Mapeasi yetu ni matamu, wala sioni aibu kuyasifu. Lakini mwaka jana mengi yalioza chini ya miti, kwa sababu hatukuwa na mnunuzi wa uhakika. Aron alichoka. Alimwambia mkewe kwamba msimu huu ukipita hivyo tena, ataikata mipeasi yote ishirini apande kabichi. Miti hiyo ilipandwa na marehemu baba yake. Secilia aliposikia, alishindwa kumaliza chai.

Na mnunuzi tuliwahi kumpata. Alikuja hapa kijijini mwaka jana, tukamfanyia kama tulivyozoea. Kwetu mgeni akija, awe wa serikali au wa kanisa, husomewa risala. Secilia ni katibu wetu, kwa hiyo alisoma yeye. Zilikuwa kurasa nane. Alieleza kikundi kilianza lini, akataja viongozi wote waliopita, mafanikio na changamoto. Mwisho akamwomba mgeni mabati ya ofisi na viti vya plastiki. Mgeni alipiga miayo mara tatu, nilihesabu. Mapeasi yalikuwa mezani, yamefunikwa kitambaa, na hakuna aliyekumbuka kumwonjesha. Aliaga kwa upole, na hatukumsikia tena.

Mwaka huu tukapata barua. Bwana Zuberi, mfanyabiashara wa matunda wa Tanga, alikuwa anaita vikundi vitano Lushoto mjini. Kila kikundi kingepewa dakika kumi za kuzungumza. Secilia akachukua kalamu na kuanza kuandika. Unafikiri aliandika nini? Risala.

Alikuwa ukurasa wa nne Mama Evelina alipofika kuchukua maziwa. Mama Evelina ni muuguzi wa zahanati, mtu mzima, na maneno yake ni machache. Secilia alimpa shikamoo na kumwonyesha karatasi. Mama Evelina akasoma kidogo.

"Huyu Zuberi ni mgeni rasmi?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ni mnunuzi."

"Basi mbona unamsomea risala? Mgeni rasmi anakuja kusikia habari zenu. Mnunuzi anakuja na shida yake. Unaijua shida yake?"

Secilia alitikisa kichwa. Hakuijua.

Mama Evelina akaketi. Alisema zamani naye alikuwa anawahutubia akina mama kliniki, nao wanasinzia. "Mama aliyebeba mtoto mwenye homa hataki kujua zahanati ilijengwa mwaka gani," alisema. Siku hizi huanza kwa kuwauliza kinachowasumbua, kisha huzungumzia hicho tu. Kama kitu kinaweza kuonekana, huwaonyesha kwa macho. Halafu husema wazi anachotaka wafanye.

"Ukimaliza, nyamaza," alimwambia Secilia. "Muda uliobaki ni wa kwake, akuulize."

Namba ya simu ilikuwa kwenye barua. Siku hiyo hiyo Secilia alimpigia Bwana Zuberi. Alimuuliza jambo moja tu: mapeasi ya huku milimani yanampa shida gani? Zuberi akasema miaka yote hajawahi kuulizwa hivyo. Shida yake ni kwamba mapeasi hufika Tanga ndani ya viroba, yamechubuka, na baada ya siku mbili yamekuwa meusi. Tena hajui mzigo utafika siku gani.

Mzee Sefania, mwenyekiti wetu, hakupenda kabisa twende bila risala. Aliona ni kumvunjia mtu heshima. Tukakubaliana iandikwe ya ukurasa mmoja, Zuberi apewe kwenye bahasha akasome nyumbani kwake. Kisha Secilia akamwomba Aron apakie mapeasi kwenye tenga. Aron alilipanga kwa majani makavu ya mgomba, safu kwa safu, huku akinung'unika kwamba ni kazi bure.

Lushoto tulikuwa wa mwisho kuitwa. Vikundi vinne vilisoma risala, na Bwana Zuberi alikuwa anachungulia simu yake chini ya meza. Secilia akasimama. Hakuwa na karatasi. Alimwamkia, akaweka mapeasi mawili na kisu mezani.

"Haya yalichumwa mti mmoja, siku moja," alisema. "Yamesafiri gari moja kutoka Mgwashi. Hili lilikuwa kwenye kiroba. Hili lilikuwa kwenye tenga, ndani ya majani ya mgomba."

Akayapasua. La kiroba lilikuwa limevia ndani, rangi ya kahawia. La tenga lilikuwa jeupe, maji yakichuruzika kwenye kisu.

Watu wa nyuma walisimama ili waone. Sikuelewa nguvu ile ilitoka wapi, kwa maana huyu ni Secilia yule yule ninayechota naye maji kila siku. Bwana Zuberi aliacha simu, akainuka, akaja mwenyewe mezani na kuonja.

"Tunaweza kukuletea matenga arobaini kila Jumanne na Ijumaa," Secilia alimalizia. "Tunaomba upokee kumi ya kwanza uyajaribu." Kisha akanyamaza. Hata dakika tano hazikuwa zimeisha.

Zuberi aliuliza maswali mengi. Mwishowe akauliza ni nani anayepanga hayo matenga. Kule nyuma Aron alisimama polepole. Yule bwana asiyefungua mdomo hata kanisani alieleza majani huanikwa vipi, na kwa nini kikonyo huelekezwa pembeni. Zuberi alikuwa anaandika kila neno. Secilia alimtazama mumewe kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

Njiani Secilia alimuuliza amejifunza wapi kuzungumza vile.

"Kaniuliza kitu ninachokijua, mama Kristian," Aron alijibu.

Jumanne iliyofuata gari lilipanda Mgwashi kuchukua matenga kumi. Ijumaa lilirudi likachukua arobaini. Mipeasi ishirini ya Aron imesimama hadi leo, na mvua hizi ameongeza mingine sita.