Mashati Yaliyoshonwa Kimya

Hakuna bosi aliyewahi kunitetemesha. Hilo nililitangaza Jumatatu asubuhi, mbele ya cherehani kumi na mbili. Kisha mlango ukalia. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimechuchumaa stoo, napanga vifungo ambavyo hakuna aliyeniomba nivipange.

Aliyeingia ni msimamizi wetu. Tulimwita Mkasi, kwa kuwa mbele yake humalizi sentensi. Ukichelewa dakika tatu, anakusema mbele ya wote. Ukiuliza swali, umekuwa mjuaji. Tulikuwa tumechoka. Si uchovu wa mikono. Ni ule wa kufika mlangoni asubuhi, miguu ikakataa kuingia.

Aliyechoka zaidi ni dada yangu, fundi bora kuliko sisi sote. Alitaka kwenda kozi ya ukataji ya miezi mitatu. Fomu ilihitaji sahihi ya Mkasi kabla ya Ijumaa.

"Kozi?" Mkasi alimwambia. "Wewe uliyelalamikia nyuzi juzi? Kwanza jifunze adabu."

Siku hiyo tulipewa kazi ya mashati ya shule. Shati la mfano lilikuwa na mfuko kulia. Sote tulijua shule ile huuweka kushoto. Dada akakohoa. Akanitazama. Nikaitazama sindano.

"Sema basi," nikamnong'oneza.

"Sema wewe, usiyetetemeka."

Hakuna aliyesema. Tukashona mashati mia mbili, mfuko kulia, kwa ustadi mkubwa. Jumatano yakarudi yote.

Jioni dada alikaa kibarazani, miguu ndani ya beseni. "Naacha kazi," alisema. Hata hakukasirika.

Jirani yetu alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Ni katibu wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha sabuni. Tunamwita shangazi. Tukamsimulia yote.

"Nani aliona kosa la mfuko?" aliuliza.

"Wote," nikajibu.

"Nani alisema?"

Nikaichukua sufuria, nikaanza kuikagua.

"Mnaona? Ukali wa kusimamia kazi ni mzuri. Ukali wa kufunga watu midomo huharibu kazi yenyewe. Na fundi mzuri hukata tamaa, akaondoka." Akamgeukia dada. "Mwanangu, usigombane naye. Omba kuonana naye faragha. Andika yaliyotokea, na tarehe zake. Akikunyima kozi, mwombe sababu kwa maandishi. Asiposikia, nenda ofisi ya utumishi. Na usiende peke yako."

Alhamisi tukaingia watatu ofisini kwa Mkasi: dada, mama wa pasi anayenyoosha mashati yetu, na mimi. Mimi nilibaki nyuma, nikilinda mlango usikimbie.

Dada alisoma karatasi yake taratibu. "Bosi, mfuko tuliuona. Tuliogopa kusema. Na kama kozi siifai, niandikie sababu."

Mkasi akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akatafuta sababu ya kuandika. Tukasikia cherehani zote kule nje, na kalamu haikusogea.

"Na mimi mkurugenzi hunisema mbele ya madereva," alisema mwishowe, kama mtu aliyebeba gunia siku nzima. "Lete fomu."

Akatia sahihi.

Hajawa malaika, msidanganyike. Lakini sasa kila asubuhi shati la mfano linapita mkono kwa mkono kabla ya kushona, na mwenye neno analitoa. Anayekosea anaitwa ofisini, hasemwi hadharani. Tangu hapo hakuna mzigo uliorudishwa.

Dada yuko kozini, na meza yake, pamoja na wasaidizi wake, naisimamia mimi. Jumapili shangazi alikuja kutusalimia, akamkuta dada amerudi kwa mapumziko, na mama wa pasi yupo. Nikawamiminia chai, nikamweleza shangazi jinsi ninavyoongoza.

"Kwangu ni upole tu. Namsikiliza kila mtu."

Mama wa pasi akaweka kikombe chini. "Hata juzi?"

"Juzi kulikuwa na nini?" dada akauliza.

"Binti anayeshona vifungo alimwuliza huyu swali. Akamjibu, 'Nani kakuomba ushauri?' Mtoto wa watu akaenda kulia chooni."

Nikanyanyua birika. Nikaongeza chai kwenye kikombe kilichojaa.

"Kesho utamwomba radhi," dada akasema.

"Sawa. Lakini faragha, ama?"

Mama wa pasi akanitazama. "Kwani ulimfokea wapi?"