Maji ya Sukari ya Chiriku

Likizo ile, kila siku saa nne asubuhi, Chiriku alimbeba mdogo wake wa miezi minne hadi karakana ya sare alikoshona mama yao. Mama akamnyonyesha, wakarudi nyumbani. Saa nane safari ileile. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Wiki ya pili alichoka. Wenzake waliruka kamba uani, naye hakutaka kupitwa. Akakoroga maji ya sukari, akampa mtoto kwa chupa, mtoto akalala fofofo. Jioni alimwambia mama kwamba mtoto alilala, akaona asimsumbue. Uongo ule ulipopita, akaurudia kesho yake na keshokutwa.

Mwanzoni mama alirudi matiti yamejaa, yanauma, blauzi imelowa. Baadaye yakawa laini, na mtoto akinyonya jioni aliyaachia akilia. Chiriku aliona yote, lakini kesho yake akakoroga tena maji ya sukari.

Kliniki, nesi alimpima mtoto mara mbili. Uzito ulikuwa umeshuka.

"Maziwa yangu yanakauka," mama alisema, machozi yakimlengalenga. "Labda nimwachishe tu."

Nesi akauliza mtoto hunyonya mara ngapi mchana. Mama akamgeukia Chiriku. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Uongo mmoja zaidi ulikuwa tayari mdomoni, lakini aliviona vimikono vya mdogo wake vilivyokonda.

"Hanyonyi, mama. Nampa maji ya sukari alale, nikacheze."

Mama hakumgombeza. Alifumba macho tu, na hilo lilimchoma Chiriku kuliko kiboko.

"Titi si mtungi," nesi alisema. "Mtoto akinyonya, mwili unajua maziwa yanahitajika, unatengeneza mengine. Yakibaki ndani, unapunguza, mpaka unaacha kabisa. Ndivyo yanavyokoma mtoto anapoachishwa. Lakini hatujachelewa. Anyonye mara kwa mara, mchana na usiku, na asipewe kingine. Mniletee kila baada ya siku mbili nimpime."

Chiriku akaenda karakana saa nne, saa sita, saa nane. Siku za kwanza mtoto alilia kifuani mwa mama. Siku ya tano Chiriku alimsikia akimeza, tena na tena. Baada ya wiki mbili mizani ya kliniki ilionyesha uzito umepanda.

"Ungenyamaza," nesi alimwambia Chiriku, "ningetibu ugonjwa ambao haupo, na huyu angeendelea kushinda na njaa. Ukikosea, sema mapema."

Mama akamkabidhi Chiriku mtoto.

"Mbebe mdogo wako," alisema. "Twende."