Mpangaji wa Pistoni ya Tatu

Gari lilikuwa halijawashwa tangu jana yake, na mvua ilikuwa imelinyeshea usiku kucha, lakini Mama Mikate alipoegemeza trei kwenye boneti aliruka nyuma. Boneti ilikuwa ya moto. Jua lenyewe lilikuwa bado halijachomoza.

"Baba Watoto! Umetoka na gari?"

"Nitoke niende wapi na injini ile?" mumewe alijibu kutoka ndani, akitafuta soksi.

Kwamba injini imechoka, mtaa mzima ulijua. Ilikuwa inakula oili, inafuka moshi wa buluu, na ikipanda kilima inagonga mpaka watu wanageuka kutazama. Mama Mikate ndiye aliyeoka, mumewe ndiye aliyesambaza, na sasa maduka yalikuwa yanarudisha mikate kwa sababu inanuka moshi. Kazi yao ilikuwa hiyo hiyo moja. Ingekufa, nyumba nzima ingelala njaa.

Wakamwita Fundi Sikio. Jina hilo alilipata kwa mtindo wake wa kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, kisha kusikiliza ugonjwa ulipo. Siku hiyo alisikiliza, akaguna, akahamisha ncha, akasikiliza tena. Uso ukambadilika.

"Hebu zima."

"Nimeshazima zamani." Mume wa Mama Mikate alinyanyua mkono, ufunguo ukaning'inia kidoleni.

Fundi alichomoa bisibisi polepole. "Pistoni ya tatu bado inagonga," alinong'ona. "Na humu ndani kuna mtu anahema."

Mama Mikate alicheka, ila hata yeye alijua kile hakikuwa kicheko.

Jioni wakaanza kuvutana. Mume alitaka injini ifunguliwe, iwekwe pistoni na ringi mpya, ifungwe upya. "Gari limezaliwa nayo hii. Ikitengenezwa inarudi kijana."

"Kitu kikichakaa kinabadilishwa, yameisha. Mbona viatu hushoni mara kumi?"

Mume akamleta shangazi yake, bibi mfupi asiyependa maneno mengi, ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini. Shangazi alilaza kiganja kwenye boneti, akasema nayo chini chini kana kwamba anambembeleza mgonjwa, kisha akajifuta mkono kwa khanga.

"Yumo. Kaishi humu miaka mingi na hana ubaya na nyinyi. Nyumba yake ndiyo imechakaa, anahangaika. Mtengenezeeni, atatulia. Lakini mkiing'oa injini hii, mkwe wangu, naye atatafuta pengine pa kukaa, na hataenda mbali."

Mama Mikate akaona hapo mambo yamepangwa. Shangazi na mpwa wake, nani asiyewajua hao! "Shikamoo yako nimekupa, shangazi, na chai umekunywa. Injini inatoka."

Ikatoka. Ikaingia nyingine ya mtumba, safi, inayonguruma kwa adabu. Ile ya zamani wanunuzi wa vyuma chakavu waliipasua kwa nyundo mchana kweupe, na ndani hakukuwa na kitu ila masizi. Mama Mikate alisimama pale mikono kiunoni hadi nyundo ya mwisho. "Huyo jini wenu yuko wapi?" alimtania mumewe. Mume hakucheka. Alikuwa anakunywa maji, jagi la pili hilo.

Toka siku hiyo maji hayakumtosha. Asubuhi aliamka mwili unachoma huku hana homa, na shati lake, hata likifuliwa na kuanikwa siku nzima, lilinuka oili iliyoungua, na akipanda ngazi tatu tu za mlangoni alishika ukuta na kukohoa, na siku moja ya baridi Mama Mikate aliona kwa macho yake kile kilichomtoka mdomoni, chembamba, cha buluu, kikapanda hadi darini na kukaa pale, na alasiri mume akisinzia kitini vikombe vilianza kutetemeka mezani, kidogo kidogo, vikigusana, na yeye mke akavishika kwa mikono miwili ili asivisikie, na bado akavisikia.

Alimpigia simu Fundi Sikio kwa kuibia, sauti ya chini. "Njoo. Na bisibisi yako."

"Gari limefanyaje, shemeji?"

"Si gari."

Fundi alikuja, akaweka ncha juu ya kifua cha mtu aliyelala, akainamisha sikio. Hakukaa hata dakika. "Ya tatu," alisema. "Inagonga." Akaiacha bisibisi hapo hapo, akatoka bila kuaga.

Mumewe alifumbua macho. Mdomo wake haukufunguka, ila sauti ilitoka, nzito, ikitokea chini ya mbavu.

"Huyu naye amechakaa. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Nimtengeneze, au nibadilishe?"

Macho yakamwacha Mama Mikate, yakaenda taratibu hadi mlangoni, kwenye viatu vidogo vya shule vya watoto wao, vimepangwa viwili viwili.

"Mtengeneze!" Mama Mikate alianguka magotini. "Nilikosa, nisamehe! Kaa humo humo, usihame, nakuomba! Mtengeneze!"

Vikombe vikatulia.

Sasa mumewe ni mzima kuliko alivyokuwa ujanani. Anabeba trei sita kwa mkupuo, kilima anakipanda anapiga mluzi, na majirani wanamsifu Mama Mikate kwa kumtunza mume. Alfajiri akitaka kuamka anakohoa mara moja, anakohoa tena, kisha anawaka, na kitanda kinatikisika kidogo mpaka apate moto. Mkewe amelala upande wa ukutani, macho wazi, anasikiliza kama kuna kinachogonga.